Panya, nyaya na gari la mzee

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu hifadhidata, nikaahidi sehemu ya pili "wiki ijayo", na wiki hiyo imegeuka kuwa miezi. Niwieni radhi, itakuja tu. Leo nina jambo jingine ambalo limekataa kunitoka kichwani tangu Desemba, nalo ni panya. Simaanishi kipanya cha tarakilishi. Namaanisha panya mwenyewe, mwenye meno na mkia.

Nyumbani kwetu ni Trans Nzoia, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mzee alituacha mwaka 2021, na katika vitu alivyoacha kuna Toyota 110 nyeupe aliyokuwa akiiosha kila Jumamosi kama ng'ombe wa maonyesho. Mama haendeshi, na hataki gari liuzwe. Baba zangu wadogo wawili wameshaleta wanunuzi, wakapewa chai, wakaaga. Gari lina kazi moja tu: kila baada ya miezi miwili binamu yangu humpeleka Mama Eldoret, kliniki ya presha. Siku nyingine zote hulala gereji. Nikisema gereji simaanishi kwa fundi, namaanisha kile chumba cha matofali kando ya nyumba: mabati juu, mlango wa mbao ulioza upande wa chini, na kuanzia Novemba nusu ya chumba hujaa magunia ya mahindi kwa sababu ghala la zamani linavuja.

Pengine umeshaona shida inakoelekea. Mimi sikuiona.

Jumanne moja ya Desemba simu ililia saa kumi na moja alfajiri. "Baba, gari limekataa." (Mama huniita baba. Kwetu ni kawaida.) Stata ilikuwa inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Binamu alijaribu na kujaribu mpaka betri ikaisha nguvu, kisha wakatoka kutafuta bodaboda, halafu matatu, na Mama akafika Eldoret karibu saa sita mchana. Daktari wake alikuwa ameshaondoka. Siku hiyo ndiyo alikuwa abadilishiwe dawa kwa sababu zile za zamani zilikuwa zinamfanya miguu ivimbe. Akapewa zile zile na tarehe mpya: Februari.

Fundi alikuja mchana huo, akafungua boneti, akacheka. Akanipigia simu. "Mkubwa, hapa kuna familia." Ndani ya kisanduku cha chujio la hewa, kile mafundi wetu hukiita eyaklina, kulikuwa na kiota cha nyuzi za gunia, sponji ya chini ya boneti na vipande vya risiti. Nyaya za nozeli mbili zilikuwa zimekatwa kabisa na ya tatu imebaki shaba tupu. Injini ya silinda nne, nozeli mbili hazipati umeme. Utashangaa kwa nini haishiki? Alilehemu nyaya, akafunga tepu, nikamtumia pesa yake kwa simu, na mimi nikaamini mambo yameisha.

Sisi waandishi wa programu tuna hadithi tunayoipenda. Mwaka 1947, pale Chuo Kikuu cha Harvard, wahudumu wa tarakilishi ya Mark II walimkuta nondo amekwama ndani ya rilei, wakambandika kwenye daftari lao na kuandika kwamba huyo ndiye mdudu halisi wa kwanza kupatikana. Mimi nimekuwa nikitafuta "wadudu" kwenye programu kwa miaka kumi na mitano, na sikuwahi kukutana na mwenye miguu. Sasa nikapata mwenye meno.

Nilianza kusoma. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ukitafuta habari hizi ni kwamba magari ya kisasa yana nyaya zilizofunikwa kwa plastiki ya soya, ndiyo maana panya wanazipenda. Kuna wenye magari huko Marekani waliofika hadi mahakamani na hoja hiyo. Sijashawishika. Panya walikuwa wakitafuna nyaya kabla ya mtu yeyote kufikiria soya, na gari letu ni la mwaka 1999. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima aguguna kitu, na waya uko karibu na kitanda chake. Anayejenga nyumba kwenye eyaklina hahitaji kusafiri mbali kutafuta nyaya za nozeli. Honda wanauza tepu iliyotiwa ukali wa pilipili ya kufungia nyaya, na mimi nadhani ni wazo zuri, lakini linamzuia panya kula waya, halimzuii kuhamia.

Na kuhamia ndiko kunakotisha. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa wiki tatu tu, huzaa watano au sita kwa mpigo, na watoto wenyewe wanaanza kuzaa wakiwa na wiki sita hivi. Piga hesabu ya miezi miwili kati ya kliniki moja na nyingine. Halafu, anapita kwenye tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli. Kiswahili chetu kina ukarimu, kinawaita wote panya: huyo mdogo, yule mkubwa wa darini anayekwea ukuta kama fundi wa stima, mpaka panya buku, ambao kule Morogoro wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wetu hawakuwa na elimu hiyo.

Sasa nikiri kosa langu la kwanza. Badala ya kwenda nyumbani nilinunua kifaa. Unakichomeka kwenye soketi, kinatoa sauti ambayo sisi hatuisikii lakini panya inamkera, anahama. Nikakituma kwa gari la usiku, binamu akakichomeka gerejini, na nikalala usingizi wa mtu aliyetatua tatizo. Kama ningesoma kwanza ningejua kwamba mwaka 2001 tume ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, iliwaandikia barua ya onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya aina hiyo, kwamba wasidai mambo wasiyo na ushahidi nayo. Fizikia yenyewe ni rahisi. Sauti za masafa ya juu hufifia haraka hewani na hazipenyi vitu. Gunia moja la mahindi mbele ya kifaa ni ukuta. Na panya asiyepatwa na madhara yoyote huizoea sauti, kama sisi tunavyozoea matatu zinazopiga muziki chini ya dirisha.

Krismasi nikaenda nyumbani. Nikafungua boneti. Mavi mapya juu ya betri, na waya mmoja wa kihisi cha bomba la moshi umetafunwa. Kifaa kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani kwa furaha. Nyuma yake, juu ya gunia, kulikuwa na mavi pia.

Mama alikuwa na mbinu zake. Aliweka vidonge vyeupe vya nondo chini ya viti. Nilivitoa, kwa sababu moshi wa vile vidonge si wa kuvutwa na mama wa miaka sabini aliyefungiwa madirisha kwa kilomita sabini. Sumu tulikataa sote: kuna kuku, kuna paka, na panya aliyekula sumu anaweza kwenda kufia ndani ya dashibodi, na hapo utaomba arudi akiwa hai.

Basi nikafanya kile ninachojua. Ukiwa na hitilafu usiyoielewa, usibahatishe, weka kumbukumbu. Nilikuwa na ESP32-CAM droo ya meza, ile bodi ndogo yenye kamera ambayo haizidi kidole gumba kwa ukubwa. Nikaongeza kihisi cha mwendo, balbu za mwanga usioonekana kwa macho, na lenzi isiyo na kichujio cha mwanga huo. Panya akipita, picha inapigwa na kuhifadhiwa kwenye kadi. Wale mnaotaka kujaribu, angalieni mambo mawili. Kwanza, pini ya tochi nyeupe ya bodi hiyo ndiyo inayotumiwa pia na kadi, kwa hiyo kila picha ikihifadhiwa tochi inamulika kama polisi. Dawa yake ni kuendesha kadi kwa hali ya biti 1. Pili, bodi haina saa ya kudumu. Umeme ukipotea, na kwetu hupotea, inaamka ikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Nilifunga saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, na pini zikatosha kwa shida.

Nikaifunga kamera juu ya boriti, ikitazama gari lote. Mama alipouliza ni nini nikamwambia ni kitu cha panya. Haukuwa uongo. Nikarudi Nairobi.

Katikati ya Januari nilirudi nyumbani kwa wikendi, nikachukua kadi, na usiku nikakaa mezani na tarakilishi yangu. Picha 1,143. Nyingi za mchana zilikuwa bure kabisa: kihisi kile hufuata mabadiliko ya joto, na mabati yakipigwa na jua la saa sita hufanya kila kitu kionekane kinatembea. Nikaandika programu fupi ya kuhesabu picha kwa kila saa na kuchora nyota kwenye skrini. Panya wenyewe walionekana nilivyotarajia. Walianza saa mbili usiku, wakatulia usiku wa manane, wakarudi kabla ya alfajiri. Waliingilia chini ya mlango pale ulipooza, wakafuata ukuta nyuma ya magunia, wakapanda mpini wa jembe ulioegemezwa kwenye bampa. Jembe! Tuliwawekea ngazi. Lakini wengi hawakwenda kwenye injini. Walikwenda mlango wa mbele wa kushoto, wakaingia ndani ya gari.

Na kulikuwa na mlima mwingine wa nyota ambao sikuuelewa, saa kumi na mbili jioni, karibu kila siku. Panya gani huyo anayefika kwa saa kama karani?

Nikafungua picha za saa hiyo. Ni Mama. Anafungua mlango wa kushoto, anakaa kwenye kiti chake, kile cha abiria alichokikalia tangu mzee anunue gari. Mkononi ana bakuli. Kwenye picha iliyo wazi zaidi unaona ni karanga. Redio ya gari inawaka, mwanga wake unaonekana. Kiti cha dereva kitupu. Picha inayofuata ni dakika arobaini baadaye, anatoka, anausukuma mlango kwa kiganja na haufungi mpaka mwisho, kwa sababu ule mlango unataka nguvu.

Nilikaa pale na picha kumi na saba za namna hiyo, na nitasema ukweli, jambo la kwanza lililonijia si la mtoto bali la fundi: chanzo kimepatikana. Karanga kwenye zulia, mlango wazi, na redio ndiyo inayomaliza betri. Mambo matatu, jibu moja. Jambo la pili lilikuwa kwamba nimempiga Mama picha bila kumwambia, siku kumi na tisa mfululizo, katika saa ambayo bila shaka hakutaka shahidi.

Binamu alisema, "Si umwambie tu aache." Angekuwa ameacha mara moja, hiyo ndiyo shida. Ningesema neno moja na asingeingia tena kwenye lile gari isipokuwa kwenda kupimwa presha.

Kwa hiyo nikakubaliana na nafsi yangu kwamba Mama si hitilafu. Ni mahitaji ya mtumiaji, na mfumo utajengwa kumzunguka.

Jumamosi tulianza na mahindi. Vijana wawili walisaidia kupaka lami paa la ghala la zamani, na miguu yake minne nikaivalisha mikono ya bati, kama sahani zilizopinduliwa, juu kiasi cha mita moja kutoka chini. Mbinu hii ni ya babu zetu na ya mashirika ya kilimo pia, hakuna programu ndani yake. Magunia yakahama. Chakula cha kuku kikaingia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Nilishangaa gereji ilivyo kubwa bila mahindi.

Kusafisha ndiyo kazi niliyoichukia. Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu, vumbi lake ni ugonjwa. Mwaka 2004 majirani zetu wa Bungoma walipatwa na mlipuko wa leptospirosi, maradhi yanayoenezwa na mkojo wa wanyama kama hawa, na Mama anaukumbuka. Nilivaa glovu na barakoa, nikalowesha kila mahali kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini na sehemu 9 za maji, nikasubiri dakika tano, ndipo nikapangusa kwa karatasi na kuitupa.

Mlango ulikatwa pale chini na kupigiliwa bati. Matundu ya ukutani tuliyajaza zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha simenti juu. Fundi alikuja, akang'oa plastiki ya chini ya waipa, ambako hewa ya ndani ya gari huingilia, akafunga wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6. Mwingine kwenye mdomo wa eyaklina. Akarekebisha na ule mlango wa kushoto: ilikuwa bawaba imelegea, kazi ya dakika kumi. Sasa unajifunga ukiusukuma kwa kidole. Hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote, kuliko kamera, kuliko kile kifaa cha kelele ambacho mpaka leo hutumika kama taa ya usiku ya bafuni.

Mitego sita ya chemchemi, ya shilingi chache, ikapangwa kando ya kuta, kichwa cha mtego kikigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta na huogopa uwanja. Chambo kikawa omena kidogo na siagi ya karanga. Jibini ni kwa panya wa katuni. Usiku wa kwanza walinaswa wanne.

Zikabaki karanga. Nilinunua mjini mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana, nikauweka pale katikati ya viti viwili. Betri nikaiwekea chaja ndogo ya kuitunza. Nilileta pia redio ndogo ya mkononi, nikamwambia Mama anaweza kuisikiliza popote. Akaigeuza geuza. "Redio ninayo ndani ya nyumba, baba," akasema, akanirudishia.

Hapo ndipo nilipojua lazima nimweleze kuhusu kamera. Tulikuwa tumekaa nje, anachambua mboga. Nikasema ile kitu niliyofunga juu hupiga picha, na imempiga na yeye, na nimeziona, na nimezifuta. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha.

"Niliijua," akasema bila kuinua macho. "Ina taa nyekundu. Inawaka kila nikifungua mlango."

Ile taa ya nyuma ya bodi. Niliiwasha mwenyewe wakati wa majaribio jikoni kwangu Nairobi, ili nijue picha imehifadhiwa, na nikasahau kuiondoa kwenye programu.

"Sasa mbona hukuitoa?"

"Nikaona, acha imulike. Nikajua kuna mtu anatazama kama nimeamka salama." Akanipa kisu. "Shika, kata hizo vitunguu."

Kamera bado iko kule. Nimeishusha, sasa inatazama sakafu na mguu wa mlango tu, na taa nyekundu nimeiacha. Februari gari liliwaka kwa mara ya kwanza, wakafika Eldoret saa mbili na nusu, na dawa zikabadilishwa. Binamu sasa huliendesha kila Jumapili hadi kanisani na kurudi, nusu saa nzima, injini ipate moto. Tangu wakati huo mitego imenasa panya mmoja, mwezi wa Machi, karibu na mlango. Mkebe wa karanga nimeujaza mara mbili.

Wanaotaka ile programu ya kuhesabu picha nitaiweka pamoja na sehemu ya pili ya hifadhidata.